Mapigo Saba Saa Tatu Asubuhi

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima wewe na wa nyumbani kwako. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananigombeza. Nimesikia umekata tikiti uje unichukue, eti mama yako akili zimemruka. Kairudishe. Halafu keti usome, na usicheke mwandiko, ni wa kuku aliyeparua lakini unasomeka.

Kazi yangu unaijua: napiga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa mlangoni pa stoo, ndiyo kengele yetu. Mapigo matatu, watu waingie kwenye mabanda ya maua. Mapigo saba, watoke. Miaka kumi na tisa hakuna aliyenyanyua mguu kabla yangu, hata msimamizi, yule tunayemwita Kasuku kwa kuwa hana neno lake ila la meneja.

Basi wakaanza kupiga dawa ya wadudu wachumaji wakiwa ndani. Wapigaji wamefunikwa hadi macho, wanawake wana vitambaa tu puani. Binti yako, na mimba yake ya miezi saba, akaenda kulalamika. Kasuku akamjibu kwamba asiyetaka harufu akauze maua ya plastiki.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, yakalia mapigo saba. Watu wote wakatoka. Walipoonja hewa safi, hakuna aliyekubali kurudi. Wakaketi langoni siku tatu, maua yakachanua hadi yakapukutika, lori likaondoka tupu mara mbili. Mimi niliwakaripia kwamba kugoma bila maji ya kunywa ni upumbavu, nikawabebea ndoo.

Siku ya tatu meneja akaapa kwamba binti yako ndiye aliyetuma kengele ipigwe, na kazi hana. Nikasimama mbele ya umati, nikasema nimepiga mwenyewe, kwa kukosea. Uzee umenila, saa siijui tena. Watu wakaangua kicheko. Kasuku akasema nina kutu kuliko rimu yangu. Nikacheka nao. Mimi, nikajicheka! Meneja akabaki hana wa kumshika, na lori la tatu linanguruma langoni. Alasiri akatia sahihi: hakuna dawa mtu akiwa ndani, na hafukuzwi mtu. Binti yako alilia kwa furaha, nami nikashusha pumzi niliyoibana siku tatu. Kengele wamempa mwingine. Mimi nafagia stoo.

Sasa sikia, na libaki kifuani mwako, maana hata binti yako hajui. Sikukosea. Darasani sikukaa, lakini marehemu baba yako alinifundisha herufi, na saa kwa kuichora majivuni, na hakuna anayenishinda. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Niliona wapiga dawa wanavaa barakoa, na mjukuu wangu yumo ndani. Nikapiga saba, tena kwa mikono miwili.

Waache wacheke. Ila huyu mpiga kengele mpya hukawia dakika nne kila jioni, nami huusimamisha ufagio nikizihesabu.

Msalimie mkeo, mwambie huruma yake aiweke akiba. Mtoto akizaliwa, hapo njoo. Ukisema saa nne, iwe saa nne, nitakuwa naitazama.

Ni mimi mama yako, na akili zangu zote.