Nilivyonyamaa Tanga

Jumatatu, 3 Februari
Chai ya rangi, boflo la jana. Nimepiga pasi mtandio, nimemfunga mdogo wangu Hamadi viatu, tumetoka. Mwezi wa pili huu tangu Baba atuhamishe kutoka Micheweni, Pemba, kuja Tanga kwenye duka lake la vyombo. Kidato cha tatu, darasa jipya. Sina rafiki.

Kipindi cha Kiswahili mwalimu alinisimamisha nisome. Nikasoma "ntoto". Ndivyo tutamkavyo kwetu, mie na Mama na Bibi na kila mtu. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akasema, "Rudia. Mtoto." Nikarudia. Ikatoka vilevile.

Kiswahili! Somo nililokuwa nikiongoza Micheweni.

Alhamisi, 6 Februari
Nafanya mazoezi bafuni. Nafumba midomo kwanza, mmm, halafu toto. Peke yangu naweza. Mbele ya watu siwezi. Basi sisemi. Nikiulizwa natikisa kichwa. Salome, anayekaa mbele yangu, kawaambia wenzake wasinitazame machoni, Wapemba wachawi. Wamecheka, lakini wawili wamehama dawati kweli.

Leo nimetapika getini. Moyo ulikwenda mbio kama nafukuzwa na mbwa. Hamadi kasema nyumbani. Mama kasema ni jini. Kanisomea Yasini, kanipa kombe, maji yaliyooshea aya, ninywe. Nimekunywa. Nampenda Mama. Halikusaidia kitu.

Jumapili, 9 Februari
Bibi kapiga simu. Mama kanipa nimsalimie. Nikasema, "Shikamoo Bibi, mtoto wako hajambo." Mtoto. Imetoka safi, ya Tanga kabisa.

Bibi akaitikia: "Marahaba. We nani, mwanangu? Hebu nipe Raya."

Nilitaka kusema ndimi Raya. Sauti haikuja. Si ya kwetu, si ya huku. Nimemrudishia Mama simu nikaenda chumbani.

Bibi ndiye aliyenilea. Hakunijua.

Jumanne, 11 Februari
Sikuamka kwenda shule. Jana pia. Sioni njaa. Sijasema neno tangu juzi, hata na Hamadi. Si kiburi. Nafungua mdomo, neno halitoki. Ninayoyawaza kitandani yananitisha. Sitayaandika.

Jioni. Mama kaja kujinyoosha mkekani pembeni yangu. Nilidhani atasoma tena. Kalia. Kasema sokoni hajazungumza na mtu tangu tuje. Huonyesha kidole tu, nyanya, vitunguu, kwa sababu siku ya kwanza muuzaji alimwigiza mbele ya wateja.

"Na miye nakwambia weye ujikaze," kasema.

Tumelia wote wawili. Sikujua kama mtu mzima naye huogopa hivi.

Jumatano, 12 Februari
Baba kafunga duka. Tumekwenda hospitali watatu. Foleni, mabenchi yamejaa. Muuguzi kauliza mgonjwa ana nini. Baba alipotaka kujibu Mama akamtangulia, kwa sauti, watu wote wanasikia.

"Ntoto wangu kanyamaa. Halali, hali. Kuno wanamcheka asemavyo. Mie nikasema jini. Si jini. Tusaidieni."

Mwanamume mmoja kwenye benchi alitabasamu. Mama alimkazia macho mpaka akainama. Niliona haya. Na fahari pia, kwa pamoja.

Daktari alikuwa dada kijana. Hakunilazimisha kusema. Kauliza taratibu, nikaitikia kwa kichwa. Kauliza kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Nikaitikia. Mama alinishika mkono, hakuuachia tena. Baba alitazama dirishani, mabega yakimtikisika.

Daktari kasema ni maradhi ya wasiwasi na huzuni. Si uvivu, si upungufu wa imani. Yanatibika. Nitakwenda kwake kila Alhamisi, na nyumbani nisiachwe peke yangu kwa sasa. Usiku huu Mama analala kwangu.

Alhamisi, 20 Februari
Nimerudi shule tangu Jumatatu. Baba alikwenda kuonana na mkuu. Leo mwalimu wa Kiswahili kaniita, kasema pole, hakukusudia, ila kwenye mtihani lazima niandike mtoto.

Nikamjibu, "Kuandika naandika, mwalimu. Sijawahi kukosea."

Nikarudi darasani. Salome bado ni Salome. Getini bado moyo unadunda. Daktari kasema haya hayaondoki kwa siku moja, na niseme kila yanaporudi. Nimesema.

Jioni nimempigia Bibi. Nikamweleza kuwa siku ile aliyesema ni mimi. Kalia kwanza. Kisha kasema, "Basi nena uwezavyo, mama. Mie nataka kukusikia tu."

Nimenena. Mpaka salio likaisha.

Jumapili, 23 Februari
Mvua asubuhi. Baba kaleta samaki, changu wanene. Mama alikaa uani na jirani yetu Mama Mwanahamisi, Mdigo wa hapahapa, wakikuna nazi. Kila mmoja na maneno yake, wakiulizana na kuchekana. Mie pembeni, napara samaki.

Mama kauliza tukaange au tutie tui. Nikasema tutie tui, waliokaangwa juzi walikauka. Wakaendelea na mazungumzo yao.

Baadaye ndipo nilipokumbuka kuwa nimesema mbele ya mgeni. Nilisemaje, sikuangalia.

Wali umeiva. Nimekula, nikaongeza.