Fyuzi ya Magloire na Mbuzi wa Kengele

Jumatatu, 3 Machi 2025
Shemeji Epuyo amefika Kakuma kutoka Lodwar. Jumapili tunamwombea mume wangu, Baba Abei — mwaka mmoja tangu atutoke. Kaka mtu amekuja na fyuzi. Moja tu, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, imelazwa juu ya kitambaa chekundu kama pete ya arusi. Ati tukiitia kwenye amplifaya ya marehemu, sauti yake kwenye kaseti itatoka safi, kama yuko chumbani. Ameipata kwa Magloire, fundi Mkongomani wa kambini. Bei yake ni mbuzi wetu wa kijivu, yule wa kengele. Nikamuuliza kama jua la njiani limempiga kichwani.

Jumanne, 4 Machi
Magloire amekuja mwenyewe, shati limepigwa pasi. “Mama, iko na mshale. Ukitia kinyume, sauti inachoka.” Tena inatakiwa kuzoea stima siku mbili kwanza. Bibi arusi mgeni huyo!
Stima yetu inatoka kwenye jenereta la jirani. Waya wake umefungwa kwenye miti mitatu ya mathenge, na umeungwa kwa mfuko wa nailoni. Umbali wote huo, halafu kipande hiki cha mwisho ndicho kitakachoisafisha stima? Baba Abei alisema kazi ya fyuzi ni kuungua ili kingine kisiungue. Aliponiambia alikuwa akipuliza vumbi kwenye amplifaya, taratibu, kama anapuliza uji wa mtoto.
Tumekubaliana fyuzi ilale hapa hadi Jumamosi. Siku hiyo Magloire ataondoka na fyuzi au na mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi
Leo tumepima. Wazo langu. Abei, binti yangu, alikaa nyuma ya shuka na amplifaya. Kila mara anazima, anatoa fyuzi, anatia ile anayotaka, ya zamani au ya mshale, anaandika kwenye karatasi. Sisi mbele tunasikiliza wimbo uleule, Baba Abei akiimba na kwaya ya Lodwar. Epuyo ataje ni ipi.
Mara ya kwanza akafumba macho: “Hii ndiyo. Sikia hiyo besi, shemeji.” Ya zamani. Ya pili akasema sauti imekauka. Ya mshale! Ya tatu akasema ndugu yake anang’aa. Ya zamani tena. Abei akacheka hadi shuka likaanguka. “Baba mkubwa, hata mbuzi anakushinda.” Kweli, mbuzi alikuwa mlangoni. Kanda ikianza tu, anakuja, kwa fyuzi yoyote.
Epuyo akatoka bila kumaliza chai. Abei akarudisha shuka akapiga mara ya nne, mimi peke yangu nikisikiliza.
Kabla ya neno la kwanza, nilimsikia akivuta pumzi. Kisha ule mlio mdogo wa ulimi, aliokuwa akiutoa kabla ya kuonja chai. Mwaka mzima nimesikiliza kanda hii. Sijawahi kuusikia.
Sikumwambia Abei. Nilimwambia tu asiseme mstari wa nne, akunje karatasi anipe.

Ijumaa, 7 Machi
Abei yuko shule. Nimepiga kanda kwa fyuzi ya zamani mara nne. Kwa ya mshale mara nne. Nimeigeuza hata mshale uangalie kinyume. Hakuna. Upepo kwenye maikrofoni, kwaya inaingia, basi.
Nimewacheka watu wenye masikio kama haya yangu.
Karatasi iko ndani ya kitabu cha nyimbo. Ikisema ya zamani, ni moyo wangu tu. Ikisema ya mshale — pia ni moyo wangu tu. Hilo nalijua. Mbona basi siifungui?

Jumamosi, 8 Machi
Wamefika mapema. Epuyo anasalimu kwa Kiturkana, “Ejok, shemeji,” kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe. Magloire yuko nyuma yake na kamba mpya. Nimejibu kupitia dirisha kwamba wasubiri kidogo.
Fyuzi iko mezani, kwenye kitambaa chake. Karatasi iko mkononi, bado imekunjwa. Abei anauliza, mama, nimrudishie fyuzi yake? Nimemwambia ngoja.
Kengele inalia uani. Mbuzi amesikia wageni, ametoka kwenda kuwapokea.