Tunatembea kwa Nani?

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi ya tano 2024

Mama wangu Philomène,

Yambo sana. Afya iko namna gani pale Likasi? Na magoti yako? Minye niko muzima, Mungu eko ananilinda. Masista bote banakusalimia.

Mama, unayua mwezi ya nane nitaapa nadhiri za milele, nitakuwa sista mpaka kufa. Bamenipa siku mbili za kupumuzika mbele ya ile. Nataka tutembee sisi batatu, weye, papa na minye, kando ya lac, ile ziwa ya Tshangalele, samedi na dimanche, mwisho wa juma. Ku paroisse, kanisa ya wavuvi, kuko fasi ya kulala.

Tangu nilimuambia papa sema nitabakia ku masista milele, mwaka muzima hasemi na minye. Nikipiga telephone, anakupatia weye. Roho inaniuma. Sitaki kuapa bila baraka yake. Umuambie basi tuende kutembea.

Mutoto wako,
Jaël

Likasi, tarehe 11 mwezi ya tano 2024

Jaël mwana wangu,

Tuko bazima, tunashukuru. Magoti yanapiga kelele kuliko minye, lakini yatafika.

Nilimuambia papa yako: "Mutoto anataka tukatembee ku lac." Akaacha bukari mu sahani. Akauliza: "Tunatembea kwa nani?" Nikajibu sijui, kwa maji labda. Eh! Unamuyua papa yako Édouard, kwake kutembea ni kwenda kwa mutu. Miaka yote ku usine, mu kazi ya kiwanda, hajatembea hata siku moja bila mutu wa kumusalimia kule mbele.

Tangu pale eko anaimba mu douche akioga. Amepeleka costume ya ndoa yetu kwa fundi bamupanulie tumbo. Amenunua mbuzi. Mbuzi, Jaël! Anasema mutu haendi kuona bakwe mikono mitupu. Eko anaamini umebadilisha mawazo, umepata bwana kule, njo unatuita tumuone.

Nayua nilipaswa kumuambia ukweli. Nimeshindwa. Anacheka, mwana wangu, na mwaka muzima sikumuona akicheka. Utamuambia weye mwenyewe.

Mama yako, muoga kabisa

Lubumbashi, tarehe 3 mwezi ya sita 2024

Mama,

Mulifika salama? Magoti yanasema nini leo? Pole sana kwa ile njia.

Nilipomuona papa anashuka mu gari na costume, na souliers za kung'aa mu miguu, na kamba ya mbuzi mu mukono, sikuyua nicheke ao nilie. Weye ulikuwa nyuma unavutana na ile mbuzi iliyokatala matope, haukusikia. Aliniuliza: "Kijana eko wapi?"

Nikamuambia: "Papa, hakuna kijana. Nilitaka tu kutembea na weye."

Akasimama. Souliers zikazama mu matope. Nikaogopa atarudi ku barabara. Kumbe anazitoa! Akakunja suruali, akaendelea miguu mitupu mpaka fasi wavuvi banaanika samaki. Pale njo akasema, sauti chini: "Mutoto mwanamuke hatoki mu nyumba ya baba yake sawa kuku iliyopotea. Bakwe banabisha hodi. Banakaa. Banaomba. Minye, nani alikuya kuniomba?"

Mama, mwaka muzima nilizani papa anamukatala Mungu. Kumbe eko anangoja hodi.

Dimanche, siku ya pili, alinishika mukono fasi ya utelezi, hakuuachilia mpaka ku paroisse. Lakini baraka, hapana. Nilivyorudi nilienda kwa Sista Marcelline, mukubwa wetu, nikamuelezea yote. Alicheka kwanza, kisha akaniomba nirudilie maneno ya papa. Sijui anawaza nini. Uniombee.

Mutoto wako,
Jaël

Likasi, tarehe 23 mwezi ya sita 2024

Jaël mwana,

Yambo. Unakula muzuri? Nimesikia unakonda, acha hiyo tabia.

Nani aliniambia hayo? Ngoja. Jana nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nikasikia hodi. Sista Marcelline! Pamoja na masista bawili bazee, jembe mupya na blanketi mu mikono, sawa bakwe wa kweli. Nikakimbia kumuita papa. Akasema: "Bangoje." Eh Yesu! Masista bangoje mu jua? Haya ilitaka kuniua. Yeye anafunga vifungo vya shati polepole sawa mufalme.

Bakakaa ku mukeka. Sista Marcelline akapiga makofi ya heshima, akasema: "Mzee, tulikosa adabu. Tumeona ua zuri mu kiwanja yako, na tulilichuma bila kubisha. Leo tunakuya kuliomba."

Papa akakohoa. Akauliza nani atakuangalia ukigonjwa. Akauliza munakula nini. Akauliza kama bazee banapiga bale badogo. Sista akajibu yote, hakukasirika hata kidogo. Kisha papa akageukia mulango, akafuta macho. Minye nikaangalia chini, sikutaka kumuona vile.

Akasema: "Basi. Ninawapa. Lakini huyu mutoto anaogopa radi. Tangu mudogo, na hata sasa, anaficha tu. Mvua ikinguruma, musimuache peke yake."

Na Sista Marcelline, machozi mu macho, akaitika: "Tumesikia, mukwe wetu."

Mwezi ya nane tunafika, bote bawili.

Mama yako