Shangazi na Namba Nyekundu

Jumatano, 4 Machi

Shangazi kanipigia nikiwa dukani, nachapa barua ya mteja anayedai fidia ya kuku. Hata salamu hakuna. Ananiuliza: kwani mimi mwezi huu nimemwaga maji kiasi gani? Nikadhani bomba limepasuka. Kumbe bili.

Nimepita kwake jioni. Uniti elfu tatu mia sita sabini na nne! Mtu anaishi peke yake, anamwagilia maua kwa kikombe. Mwezi uliopita alitumia nane. Na chini wamegonga muhuri: asipolipa hadi Jumanne, maji yanakatwa.

Hakulalamika. Kakaa wima tu — miaka thelathini na minne ya unesi haimtoki mtu. Lakini jirani alipopiga hodi, aliikunja bili haraka akaisukumia chini ya kitambaa cha meza. Hilo ndilo limenichoma. Shangazi yangu hajawahi kudaiwa na mtu hata chumvi.

Nimemwambia aniachie mimi. Barua za malalamiko ndizo zinazoniweka mjini!

Alhamisi, 5 Machi

Barua tayari. Kurasa mbili. Nzuri mno — najisifu mwenyewe, maana wa kunisifu hayupo. "Uzembe uliokithiri" mara tatu. "Huyo msoma mita wenu" mara saba.

Shangazi kavaa miwani, kaisoma yote kimya, kalamu mkononi. Kasahihisha herufi mbili. Kisha kaichana. Kaichana! Vipande vinne, moja kwa moja kwenye pipa la taka.

Eti yule mzee wa mita si mzembe. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu chai inapoa.

Nimeondoka nimevimba. Sijaaga vizuri.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda kuiangalia mita mwenyewe. Ipo kwenye shimo karibu na geti, chini ya mfuniko wa chuma. Lazima upige magoti na uinamishe kichwa ndani. Namba nne nyeusi, ya tano mwishoni ni nyekundu. Leo nyeusi zinasema 409. Bili inasema 4072, na wiki haijapita tangu isomwe!

Nimebaki nimepiga magoti pale, nahesabu. Ukiitoa ile mbili ya mwisho inabaki 407. Ndiyo yenyewe! Wameichanganya nyekundu na nyeusi. Nyekundu haihesabiwi, ni ya vipande vya uniti tu. Mwezi uliopita ilisoma 398, kwa hiyo kweli yake ni uniti tisa. Nilipiga kelele hadi jirani akaja mbio, akidhani nimeng'atwa na nyoka.

Nikaingia ndani natamba. Tumeshinda! Mzee anasoma mita maisha yake yote, leo hajui nyekundu?

Shangazi kaweka kikombe chini. Hakusoma yeye, kasema. Nilisoma mimi.

Ikabidi anieleze. Mzee wa mita alifika mgongo umemkamata, anatembea huku ameshika ukuta. Shangazi akamwamuru alale kwenye mkeka barazani. Akapiga magoti yeye — na miaka yake sabini na moja! — akamtajia namba kwa sauti. Mzee akaandika alichosikia, maumivu hata hayamruhusu kufikiri.

Nikamuuliza kwa nini alitaja na nyekundu. "Kwenye dozi ukiacha namba moja umeua mtu," akasema. "Nilisoma zote."

Nimecheka hadi mbavu zinauma. Yeye hakucheka. Mzee amebakiza miezi mitatu astaafu. Ofisini wakijua hakusoma mita kwa macho yake, kazi hana, na kiinua mgongo atakisikia kwa wenzake.

Jumatatu, 9 Machi

Ofisi ya maji, mimi na shangazi. Foleni, feni inakwaruza, dirisha la malalamiko lina tundu dogo hadi unaongea umeinama. Karani nimpe haki yake: nilimwonyesha bili na picha ya mita kwenye simu, akaelewa papo hapo. Akashusha sauti. Bibi, hii ni rahisi. Andika hapa kwamba msoma mita alikosea kusoma, weka sahihi, bili inafutwa leo leo. Akasukuma fomu na kalamu.

Mstari mmoja! Nilimkanyaga shangazi mguu kwa chini, polepole, aelewe.

Akaisoma fomu hadi mwisho, mbele na nyuma. Akarudisha kalamu. "Si kweli, mwanangu. Siweki sahihi yangu hapo."

Karani akashangaa. Basi kesho saa nane mafundi wanakuja kukata. Labda mwende kwa meneja, kabla ya hapo.

Njiani nilimsema sana. Mengine siyaandiki. Kwamba huruma yake itamfanya abebe ndoo uzeeni. Akanisikiliza hadi nikaishiwa maneno. Kisha akasema tupite kwa mzee wa mita, si haki asikie habari zake kwa mkubwa wake.

Chumba kimoja nyuma ya gereji. Tulimkuta amelala chali sakafuni, mto chini ya magoti. Alipoiona bili alifunika uso kwa mkono. Shangazi hakumwomba kitu. Alimwambia: kesho nitasema nilisoma mimi na nilikosea mimi. Siwezi kudanganya, wala siwezi kukuchongea. Baada ya hapo akamgeuza, akambonyeza mgongo huku na huku, akamgombeza kwa kutokwenda hospitali.

Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Nikaionea aibu barua yangu. Na fahari — jamani, fahari! Huyu ni dada yake baba. Damu yangu hii!

Jumanne, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya mlango wa meneja. Saa sita na nusu. Saa nane wanakata.

Shangazi kavaa gauni la bluu, pasi imepita hadi kwenye mkanda. Kaandika maelezo yake mwenyewe, kwa mkono. Nimeyachungulia. Mistari mitano: tarehe, saa, hali ya mgonjwa, alichofanya, alipokosea. Ripoti ya zamu! Hakuna uzembe uliokithiri hata mmoja. Inaishinda yangu mbali, na mimi ndiye ninayelipwa kwa kuandika.

Mara mzee wa mita katokea kwenye korido! Sare kamili, amejinyoosha kadiri mgongo ulivyomkubalia. Hatukumtarajia. Akamwamkia shangazi. Akasema hakulala vizuri akimfikiria anaingia humu peke yake. "Wewe ulisoma, sista, lakini aliyeandika ni mimi."

Nami nikamwamkia, nikampa mikono yote miwili. 

Wameitwa sasa hivi. Nami nikainuka, shangazi kaniambia kaa. Kamshika mzee mkono, wameingia polepole.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia. Meneja anauliza nani alisoma mita. Shangazi anaeleza, mzee anaeleza. Meneja kapandisha sauti: kanuni za kazi, nidhamu, barua ya kujieleza, huyu anajua adhabu yake? Mzee anaitikia ndiyo, ndiyo bosi, na sauti inazidi kupungua.

Sasa shangazi. Hapazi sauti. Ile ile ya wodini, ya kuwanyamazisha madaktari. Kanuni nitazisikiliza zote, anamwambia, nina siku nzima. Lakini huyu ni mgonjwa, hawezi kuzisikiliza amesimama. Na humu kiti kisicho na mafaili ni kimoja tu, umekikalia wewe.

Natega sikio.



Kiti kinaburutwa!