Nilisema mfumo haukosei, shemeji yangu akarudi kwao

Bi. Zaituni mpendwa, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ninayeweza kumweleza jambo hili ama nimemkosea yeye mwenyewe, ama atakwenda kumwambia niliyemkosea. Majina yote nimeyabadilisha, mimi niite Hezroni.

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Same mjini, na kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Kwetu ni Vudee, juu milimani, na walionilea ni kaka yangu Loth na mke wake Fortunata, maana mama alifariki nikiwa darasa la nne, na shemeji ndiyo kwanza alikuwa ameolewa, hajapata hata mtoto wake wa kwanza, akaanza na mimi. Yeye ndiye aliyekuja kwenye vikao vya wazazi shuleni, na siku nakwenda chuo alinisindikiza mpaka stendi ya Same akiwa na mimba kubwa, akakaa juani mpaka basi likaondoka.

Nilipomaliza masomo, shirika moja linalohudumia wazee likanipa kazi ya kutengeneza mfumo wake. Wahudumu wa kujitolea wanapita majumbani, wanaangalia kama mzee anameza dawa, kama anatembea mwenyewe, kama ana mtu wa kumpikia, wanajaza kwenye simu na kubonyeza Hifadhi. Shemeji akawa mmoja wao. Jumanne na Alhamisi alikuwa anatoka asubuhi, anashuka bondeni na kupanda vitongoji vya upande wa pili, jioni anarudi kachoka, viatu kavishika mkononi.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo, Bi. Zaituni, na nitajitahidi kueleza kwa lugha nyepesi. Kwenye hifadhidata kila mzee ana mstari wake mmoja, na mwisho wa mstari kuna tarehe inayojiandika yenyewe mstari unapobadilika, na mimi kwa uvivu wangu nikaichukua tarehe hiyo nikaipa jina "Ametembelewa mara ya mwisho". Sikujua, au niseme kweli, sikujisumbua kujua, kwamba hifadhidata tuliyotumia ukiipelekea habari ile ile iliyo nayo tayari inalinganisha, inaona hakuna jipya, inaacha kila kitu kama kilivyo, na tarehe haisogei. Ziko nyingine zinazoandika upya hata kama kitu ni kile kile, na niliyosomea mimi chuoni ilikuwa ya namna hiyo. Kwa hiyo shemeji akifika kwa mzee Anaeli, akamkuta anameza dawa kama wiki iliyopita na anatembea kama wiki iliyopita, akajaza hivyo na kuhifadhi, simu ilimjibu "Imepokelewa", lakini kwenye ripoti ilikuwa kama hakukanyaga.

Mwezi wa nne mratibu wetu, bwana Muhidin, aliwaita wahudumu wote Same, nami nilikuwa nimekaa karibu na projekta. Ripoti ikaonekana ukutani. Wahudumu wengine nao walikuwa na mapengo, lakini la shemeji lilizidi, kwa sababu wazee wake wengi walikuwa wazima. Isipokuwa wawili walioumwa, wote walionekana hawajafikiwa tangu Januari.

"Mama, hawa watu umewatembelea?" bwana Muhidin akauliza.

"Nimewatembelea wote."

"Mfumo unasema hujafika."

"Nimefika, baba. Waulizeni wenyewe."

Bwana Muhidin akanigeukia. "Hezroni, mfumo wako unaweza kukosea?"

Shemeji akanitazama, nikajua ananitazama, na mimi nikaangalia kompyuta. Nikasema, "Haukosei. Unaandika kinacholetwa." Niliogopa wataona namtetea ndugu, na zaidi ya hapo niliogopa kuonekana sijui kazi yangu. Akasimamishwa pale pale na kuambiwa arudishe simu. Alikuja kuiweka mezani kwangu, ila kwanza aliifuta kioo kwa khanga yake.

Nilidhani limekwisha, kumbe ndiyo limeanza, kwa sababu kaka alipopata habari hakuuliza habari za wazee, aliuliza kama kwa wazee hakuenda, siku zote zile alikuwa anakwenda wapi. Akanipigia simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu. Niambie, ile mashine inaweza kusema uongo?" Nikamwambia haiwezi. Nikamwambia basi aende akawaulize wazee, akasema yeye si mtu wa kuzunguka kwenye nyumba za watu akiulizia nyendo za mkewe. Maneno yakaenea, shemeji akaacha kwaya ya kanisani, na mwezi wa tano akamchukua mtoto mdogo akarudi kwao Msangeni.

Mwezi wa sita Ummy, binti aliyechukua nafasi yake, alinipigia. "Kaka, niko kwa mzee Anaeli, nimehifadhi na kurudia, mbona tarehe haisogei?" Nikaufungua mstari wa mzee Anaeli, nikauhifadhi vile vile ulivyo, hifadhidata ikanijibu: mistari iliyopatikana mmoja, iliyobadilika sifuri. Jibu hilo lilikuwa linatoka siku zote na sikuwahi kulisoma. Nikarekebisha siku hiyo hiyo, kila ziara sasa inaandikwa peke yake na tarehe yake, na Ummy nikamwambia ulikuwa mtandao tu.

Sasa ni mwezi wa tisa na hakuna anayejua. Shirika linataka kuupeleka mfumo wilaya ya Mwanga, na mimi ndiye ninayesifiwa. Wiki iliyopita kaka kaniambia anakwenda kwa wazee wa kanisa kuzungumzia ndoa yake, na anaomba nimsindikize niwe shahidi, nieleze mfumo ulivyosema. Bi. Zaituni, nimeshindwa kula. Nimefikiria nimshawishi bwana Muhidin amrudishe shemeji kazini kimya kimya, pengine kaka naye atalainika. Nisaidie namna ya kumaliza jambo hili bila kaka kujua kwamba nilijua.

Hezroni, Same

*Bi. Zaituni anajibu:*

Marahaba, Hezroni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipomwomba shemeji yako msamaha, sikupaona.

Kutojua chombo chako kinavyofanya kazi ni uzembe, lakini watu wanazembea na maisha yanaendelea. Hata ulivyosema kikaoni naweza kuita woga wa kijana. Lakini Ummy alipokupigia simu, giza lilikwisha. Tangu siku hiyo mama aliyekulea amekaa Msangeni na jina la umalaya juu yake, na wewe ndiye uliyelishikilia lisianguke. Usije ukaliita jambo hili hitilafu ya kompyuta. Kompyuta ilikujibu vizuri kabisa kwamba mzee yupo na hajabadilika. Wewe ndiye uliyemtafsiria bwana Muhidin kwamba mhudumu hakwenda.

Nawashangaa nyote watatu. Mama wa watu alisema waulizeni wenyewe. Mratibu akauliza projekta, mume akamuuliza mdogo wake, mdogo mtu akaangalia kompyuta. Wazee wapo, wana midomo, na hakuna hata mmoja wenu aliyepanda kilima kwenda kuwauliza.

Nakuonea huruma, kwa sababu naona kweli hata kula umeshindwa. Lakini unachoniomba sina. Huwezi kumsafisha shemeji yako na wewe ubaki umefichwa. Kilichomchafua ni neno lako.

Kwa wazee wa kanisa usiende kabisa. Panda Vudee wiki hii, ukamwambie kaka yako ana kwa ana, na simu usiitumie kwa jambo hili. Chukua kompyuta yenye mfumo wa zamani, mpe ajaze mwenyewe habari ile ile, abonyeze mwenyewe, aone. Kisha umwambie na sehemu ambayo kompyuta haiwezi kumwonyesha, kwamba ulijua tangu mwezi wa sita ukanyamaza. Akikufukuza, subiri nje. Akitulia, nendeni pamoja Msangeni, na wewe ndiye uanze kusema. Usibebe zawadi, asije akadhani unanunua.

Halafu mwandikie bwana Muhidin, aitishe kikao kile kile, watu wale wale, na wale wengine waliosomewa mapengo pia wasikie. Mama huyu aliaibishwa hadharani, hawezi kusafishwa chumbani. Kama kazi ya Mwanga itakuponyoka, basi ikuponyoke. Na usimdai msamaha siku hiyo. Atautoa akitaka, na asipotaka, wewe endelea kumwamkia kwa heshima kila mnapokutana.

*Jibu hili nilimtumia Hezroni kabla ya kulichapa, nikamwambia gazeti litasubiri mpaka afike Msangeni. Jumatatu akaniandikia hivi:*

Bi. Zaituni, nimefika. Bwana Muhidin nimemwandikia, kikao ni Ijumaa, na Ummy nimemwambia ukweli. Kwa kaka ndiko kulikoniwia vigumu. Alijaza mwenyewe, akabonyeza, akaangalia tarehe, akabonyeza tena na tena. Nilipomwambia la mwezi wa sita hakunipiga, na mimi nilitamani anipige. Alisema tu, "Twende."

Shemeji tulimkuta uani anachambua maharage. Hakusimama. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mbele yake, mpaka mwisho. Akaniuliza kitu kimoja.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa sita, shemeji."

"Mwezi wa sita," akasema, akaendelea kuchambua. Hakunitukana. Aliuliza Ijumaa kikao ni saa ngapi, nikamwambia, akasema atakuja, na nauli atajilipia mwenyewe.

Ndipo kaka akasema, "Mama, umemsikia mwenyewe. Ulikuwa ni mfumo."

Shemeji akainua uso kumtazama. "Hezroni nimemsikia. Na huo mfumo nimeusikia. Wewe bado sijakusikia."

Kaka akavua kofia. Akatafuta pa kukaa, hakupaona, akakaa chini kwenye vumbi karibu na ungo. Mimi nikatoka nje ya ua, nikawaacha.