Majibu Kutoka Ofisini Kwako

Mwanangu kipenzi,

Huku tunapumua. Goti langu ndilo linasumbua, na paa la jikoni tumeliziba. Wewe unakula? Usishinde na chai tupu.

Mwezi uliopita nilimwandikia Rais. Sikukwambia, maana sikutaka kukutwisha mzigo hapo kazini, ofisini kwake. Nilimweleza kuwa zahanati yetu haina mkunga tangu mwaka jana, na mdogo wako ana mimba ya miezi minane. Niliandika mwenyewe, kwa darasa langu la nne, nikatia jina langu kamili na la kijiji.

Majibu yamefika jana. Jirani yetu mwalimu ndiye aliyeyaleta, akanisomea: "Ndugu Mwananchi, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Asante kwa kujenga taifa." Kisha akacheka. "Mama, huyu aliyetia sahihi kwa niaba ya Rais si binti yako?"

Nikamwambia majina hufanana. Nimesema uongo kwa ajili yako, mwanangu, nikajisikia kama niliyemeza nzi. Barua nzima haina hata neno mkunga! Ama hukuisoma barua ya mama yako, ama uliisoma. Sijui lipi linanitia kinyaa zaidi. Na mama za watu wangapi mmewatumia karatasi hiyo hiyo?

Mdogo wako kila asubuhi ananiuliza, "Mama, kina dada wamesemaje?" Mpigie umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba linafanyiwa kazi.

Ni mimi mama yako, ninayekuombea hata sasa.