Jumapili Nisiyogonga Kengele

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Tabora tu wazima, bibi yako anapalilia karanga. Unauliza kama nami, nilipokuwa mwinjilisti, niliwahi kuhubiria mabenchi matupu.

Kule Usinge, msimu wa asali, karibu kijiji kizima kilihamia msituni. Kila Jumapili niligonga kengele, nikasali peke yangu. Jumapili moja sikugonga. Nililala tu, nikiwaza nyumbani.

Kesho yake jioni akatokea mrina asali mmoja mzee, miguu vumbi tupu. "Jana hatukusikia kengele," akasema. "Nimekuja kuona kama u mzima."

Akanywa maji, akarudi msituni. Kanisani hakuwahi kuingia, wala baadaye hakuingia.

Jumapili iliyofuata niligonga mpaka mkono ukauma.

Babu yako